Matope Kwenye Rejeta ya Bibi Subilaga

Makandana, jioni, kabla hujarudi

Mwanangu Atupele,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kujuliana hali, kisha unaeleza dhumuni. Hali yako naijua. Umetoka hapa saa tisa na mwavuli wa mama yako, umekwenda Kawetele kumuaga Bibi Subilaga, na kwa mvua hii utarudi umelowa mpaka magotini. Basi lako linaondoka alfajiri. Kwa hiyo nina saa mbili hivi za kuandika kabla hujaingia ukaniuliza, "Baba, unaandika nini?" nami nikaficha karatasi kama mwizi.

Habari za blanketi, za kutafuta kanisa la karibu na za kutokula vya stendi, mama yako amekwisha kuzisema, na kesho atazisema tena ukiwa umeshapanda basi, kupitia dirishani. Mimi sina maagizo. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni mwaka mzima. Linahusu ile landrova ya Bibi Subilaga, na yale matope yaliyoonekana kwenye rejeta yake baada ya wewe kuifanyia injini ovaholi, kuifungua yote na kuifunga upya, na nani aliyeyaweka.

Nadhani unajua. Lakini kujua kwako ni kitu kimoja na kusema kwangu ni kingine, na hicho cha pili hujawahi kukipata kutoka kwangu.

Nianze na wivu, maana ndipo lilipoanzia. Ulipokuwa darasa la tano ulikaa juu ya tairi pale nyuma unachonga kalamu, ukaniambia bila hata kuinua uso kwamba valvu ya silinda ya tatu inagonga. Nikafungua, kweli. Siku hiyo nilitembea Tukuyu nzima nikimweleza kila mtu, hata mwuza maparachichi ambaye hajui valvu ni nini. Wakati ule sikuwa na wivu. Kipaji cha mtoto mdogo mzazi anakivaa kama koti lake mwenyewe.

Wivu ulikuja siku ile mteja aliposimamisha pikapu yake mbele ya gereji yangu, akachungulia juu ya bega langu, akaniuliza, "Binti yupo?" Nikamwambia mimi nipo. Akasema aa, basi, nitapita kesho. Mwanangu, mimi nimefungua injini za mji huu tangu bwana yule hajaota ndevu! Nilimwambia mama yako tumbo linanisumbua, nikalala bila kula. Tumbo lilikuwa zima kabisa.

Halafu akaja Lusekelo. Unaona nimeandika jina lake. Miaka miwili nimemwita "yule bwana wa Kiwira", na wewe ulikuwa unainama juu ya sahani yako kila nikisema hivyo. Nimpe haki yake leo: Lusekelo, fundi wa Kiwira, mdogo kwangu kwa miaka ishirini, aliyesomea chuo, mwenye vipimo vyake vimetundikwa ukutani kwa kufuatana urefu kama wanafunzi mstarini. Ulimpelekea hedi moja, kile kichwa cha injini, kusawazishwa, ukarudi na lugha mpya. Lusekelo anasema usibahatishe, pima. Lusekelo anaandika kila kitu ubaoni kabla hajashika spana. Siku hiyo mama yako alikuwa amepika kande nzuri, na mimi nikalalamika hazina chumvi. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika spana kwa mikono yote miwili, ulipokuwa hujaweza kwa mmoja. Huyu mtu akaja kuchukua masikio yako kwa mwaka mmoja tu.

Ndipo Bibi Subilaga alipokuja. Mwalimu mstaafu, mjane, na landrova aliyoachiwa na mumewe ilikuwa imelala miaka minane bandani kwake kule Kawetele, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Tuliivuta kwa kamba mpaka hapa. Nikafuta mikono, nikasogea kusikiliza matatizo yake. Yeye akanipita, akakushika mkono. "Nataka Atupele ndiye aifanye," akasema. "Marehemu alikuwa akisema gari hili litaamshwa na mtu mwenye subira." Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha oili. Nikatabasamu, kwa kuwa ndivyo mtu mzima anavyofanya.

Miezi minne uliifanya kazi ile. Nilikuangalia. Bolti ulizipanga kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake na namba yake kwa kalamu nyekundu. Pistoni ulizilaza juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Hedi ukaipeleka Kiwira ikasawazishwe uso. Mimi huwa nakaza bolti za hedi kwa mkono na sikio, kama nilivyofundishwa, wewe ukaazima kwa Lusekelo ile spana ndefu yenye mshale, ukakaza kwa kipimo, hatua kwa hatua, ukianzia katikati. Nilisimama pembeni nikisema moyoni: ikikataa, ikikataa tu mara moja.

Haikukataa. Siku ulipoiwasha niliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nikasikiliza silinda moja moja. Nilikuwa natafuta kosa. Nakwambia ukweli, mwanangu, baba yako aliinama pale akitafuta kosa kwenye kazi yako kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu chochote. Sikulipata. Bibi Subilaga akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema ndaga fijo, ndaga fijo, asante sana, akakushika kichwa kama anakubariki. Na wewe, mikono ikiwa bado na grisi, ukarukia bodaboda ukaenda Kiwira kumwambia Lusekelo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Hukunigeukia.

Nikabaki peke yangu na landrova. Na hapo chini ya rejeta nikaona tone. Likaanguka, likafuata lingine. Tundu dogo kwenye kiungo cha zamani kilichochomelewa kwa risasi, si kosa lako, ni uzee. Fundi mwenye akili angekusubiri urudi, mkaitoa rejeta, mkaichomelea, kazi ya saa moja. Lakini nilitaka na mkono wangu uwemo kwenye injini ile. Nilitaka ukirudi ukute pakavu, na siku moja nije kukuambia: ile kazi yako uliyoisifia Kiwira, aliyeikamilisha ni mimi.

Unajua babu yako alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya chai. Rejeta ikitoboka katikati ya shamba, mbali na karakana, alikuwa na dawa yake. Anachukua unga wa ndizi mbichi zilizokaushwa, konzi mbili, anaukoroga kwenye maji baridi, anaumimina, anaiacha injini ipate moto. Unga unakimbilia kwenye tundu, unaivia pale pale, unashika. Trekta linafika nyumbani. Huo ni urithi alionipa, na mimi niliuthamini kuliko vipimo vyote vya Kiwira. Ila dawa ile ni ya kukufikisha nyumbani tu. Babu yako alikuwa akisafisha rejeta jioni ile ile kabla hajaoga. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana.

Niliingia jikoni nikachukua lile kopo la mama yako la unga wa ndizi wa uji. Nikaweka konzi mbili. Halafu nikaongeza ya tatu. Konzi mbili zilikuwa za tundu. Ile ya tatu ilikuwa ya Lusekelo. Tone likakauka, nikafuta chini, nikatundika kitambaa, nikakaa nikisubiri urudi, na nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa. Uliporudi ulikuwa umechangamka hivi kwamba hukuangalia hata chini. Nami nikanyamaza, nikasema kesho nitasafisha. Kesho ikawa kesho kutwa, Bibi akachukua gari lake.

Baada ya wiki akarudi. Akipandisha kutoka Kiwira, mshale wa joto unakwenda kwenye nyekundu. Ukasubiri ipoe, ukafungua kifuniko cha rejeta, na mimi nimesimama nyuma yako. Ndani kulikuwa na matope ya rangi ya kahawia, mazito, yanavutika. Nilijua papo hapo. Hata kupepesa jicho sikupepesa. Na mdomo wangu ukasema nini? "Gasketi ya hedi hiyo. Oili imeingia kwenye maji. Hedi imepindishwa huko Kiwira." Nilisema mbele ya Bibi Subilaga na mbele ya wateja wawili, na wewe unajua maneno yanavyoteremka kutoka Tukuyu kwenda Kiwira. Hayahitaji hata injini.

Siku tatu ulifungua hedi yako. Gasketi ilikuwa safi, haina alama. Ulikwenda nyuma ya nyumba, kule kwenye migomba, ukalia ukidhani hatukusikii. Ukafunga upya kwa gasketi mpya, ukasuuza kwa maji matupu, ukamimina maji mapya. Siku ya nne matope yakarudi.

Na ndiyo wiki aliyokuja yule bwana wa Arusha, mwenye gereji ya kufufua magari ya zamani. Alikuwa anazunguka huku kwetu akitafuta landrova kuukuu, Lusekelo akamwambia kuna binti Makandana ameamsha moja iliyolala miaka minane. Mliteremka naye njia ya Kiwira, na katika kurudi mshale ukapanda. Akafungua kifuniko, akaangalia yale matope, akakirudisha taratibu. Alisema una mikono mizuri ila bado una haraka, ukomae kwanza. Wewe, mwenye haraka! Uliyepanga bolti kwenye trei ya mayai!

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Alipoondoka nilikuona umesimama umeshika kifuniko kile mkononi, na kifua changu kilifanya vitu viwili kwa pamoja. Kiliuma. Na kilifurahi. Sitaki kukudanganya kwamba kiliuma tu. Nilifurahi, kwa sababu ulikuwa unabaki. Ukaacha kwenda Kiwira kwa aibu, ukawa unakuja gerejini asubuhi na mimi, unaniuliza mimi, tunakunywa chai kwenye kikombe kimoja cha bati. Zile wiki zilikuwa tamu kwangu, na nilizinunua kwa machozi yako.

Lakini wewe si mtu wa kulia muda mrefu. Siku moja nikajua umeanza kupima. Mimi nilikuwa nakuonyesha ule ukungu mweupe chini ya kifuniko cha oili, nakwambia si unaona, maji yameingia kwenye oili. Ukanijibu kwa adabu kwamba huku kwetu kuna baridi, gari likitembea safari fupi fupi mvuke unaganda pale juu, na kijiti cha oili ni kisafi, kwa hiyo tufute kifuniko, twende mbali ndipo tuamue. Tukaenda mpaka Mbeya, tukisimama njiani kupooza, na tuliporudi palikuwa pakavu. Ukaazima kipimo cha presha, ukakifunga kwenye rejeta jioni, na asubuhi mshale wake ulikuwa pale pale. Ukawasha injini kifuniko kikiwa wazi, hakukuwa na mapovu, na moshi wa nyuma haukuwa mweupe. Ulikuwa unafunga milango mmoja mmoja, na mimi nilikuwa ndani.

Halafu ukachota yale matope kwenye chupa ya jemu, ukayaacha dirishani usiku kucha. Asubuhi ukaniita. Oili huelea, ukasema, haya yamekaa chini. Ukayapaka kwenye gazeti, hayakuacha doa la mafuta. Ukayasugua kwa vidole: oili huteleza, haya yananata. Hukunitazama wakati unasema. Ukavaa viatu ukaenda duka la dawa karibu na hospitali, ukarudi na kichupa kidogo cha iodini. Ukachukua kisosi cheupe, ukaweka tone la matope upande mmoja, na upande wa pili kijiko cha uji wa mama yako uliobaki asubuhi. Somo la kidato cha pili hilo, wanafunzi wote wa nchi hii wamelifanya kwa kipande cha kiazi, lakini mimi sijawahi kusikia fundi aliyelileta kwenye rejeta. Ukadondosha iodini pande zote mbili. Pande zote mbili zikawa nyeusi ya buluu, rangi ya wanga.

Nilisikia kuku tu. Kisha ukaosha kisosi.

Hukuuliza. Ulikwenda jikoni, ukamwomba mama yako kimea cha ulezi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona mama yako anakupimia bila kuuliza cha nini, na hapo nikaelewa kwamba lile kopo lake alilipima zamani, akajua limepungua. Ukaloweka kimea, ukachuja, ukaijaza injini yale maji yakiwa vuguvugu, kama kina mama wanavyolegeza uji mzito wa togwa. Baada ya saa chache ukafungua chini, na yale matope yaliyonishinda hata kuyataja yakatoka mepesi kama maziwa. Ukasuuza mara tano, ukaitoa rejeta, ukalichomelea lile tundu. Bibi Subilaga alipouliza ilikuwa nini, ukamjibu: "Ni uchafu wa zamani, Bibi. Umetoka." Nilikuwa nimekusogelea nisikie utasema nini. Ungenitaja ungekuwa na haki.

Na kile kichupa cha iodini ukakiweka kwenye rafu yangu, pembeni ya spana za namba kumi na saba, mahali ambapo lazima mkono wangu ukiguse kila siku. Mwaka mzima nimechukua spana zangu kwa kukizunguka.

Mwaka mzima, Atupele. Ile landrova imebeba ndizi za Bibi kwenda Mbeya na kurudi na mshale haujawahi kusogea. Watu waliomwacha Lusekelo kwa maneno yangu walikuja kwangu, nikawafanyia kazi, nikala nao vizuri. Na kila Jumapili kanisani nilikaa upande ambao sitamwona. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi niligundua kwamba anaweza kuitembea huku na huku mpaka ikawa ndefu.

Mwezi uliopita yule bwana wa Arusha aliporudi, akaiendesha mwenyewe kupanda na kushuka, akakwambia njoo, mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma kwenye migomba. Sasa unajua palikuwa na zamu. Nililia kwa sababu unakwenda, na kwa sababu ungeweza kuwa huko tangu mwaka jana.

Jumamosi iliyopita sikwenda kununua vipuri kama nilivyokuambia. Nilikwenda Kiwira. Lusekelo alikuwa chini ya gari, nikaongea na miguu yake, ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Nilimweleza yote, konzi mbili na ile ya tatu, na maneno niliyoyasema mbele za watu. Akatoka, akakaa juu ya debe, akafuta mikono kidole kwa kidole. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikuwa nataka kutukanwa.

"Mzee," akasema, "Atu alinieleza mwaka jana. Aliniomba nisiseme. Alisema, baba atakuja mwenyewe, mpe muda."

Akanimiminia chai, nikainywa, na ilikuwa nzuri, hilo nalo limeniuma kidogo. Wateja wake watatu walikuwepo, nikawaambia pale pale kwamba hedi ile haikuwahi kupinda. Nikapanda mpaka Kawetele nikamwambia Bibi Subilaga. Alinitazama kama mtoto aliyekosea hesabu rahisi, akasema, "Na mimi mwaka mzima nimewalaumu kuku."

Basi, ndiyo barua yenyewe. Ningependa kukuachia la maana lakini ninalo moja tu, na ni la gerejini. Ukikuta matope kwenye maji, kabla hujafungua hedi yako na kabla hujajilaumu, uliza ni nani aliinamia gari lile wewe ukiwa hupo. Na usimruke mtu kwa kuwa anakupenda. Mimi nakupenda kuliko mtu yeyote wa mji huu, na bado ilikuwa lazima nipimwe.

Sikuombi useme umenisamehe. Mwaka wako sina pa kuuchukua nikurudishie. Uliusubiri mdomo wangu kwa subira ile ile aliyoitaja marehemu mume wa Bibi, na mimi nimekuja kwa kuchelewa, kwa karatasi, nikikusikilizia mlangoni. Barua hii nitaiweka kwenye boksi lako la spana, chini ya trei, ili uikute ukiwa mbali na usione uso wangu. Kile kichupa usikitafute humo. Kinabaki rafuni, nina kazi nacho.

Nisije nikakudanganya tena mwishoni: wivu haujaisha. Tangu asubuhi ninamchukia yule bwana wa Arusha. Nimeshaamua hajui kukaza hedi, na chai yake ni mbaya. Utanipigia simu uniambie anasema hivi, anafanya vile, na mimi nitaona kande hazina chumvi. Niambie hivyo hivyo. Usinifiche ili kunihurumia.

Nasikia geti. Ni wewe, unakung'uta mwavuli. Nimalize. Mwanangu, hata jina la mtu yule silijui, kwa kuwa sikutaka kuuliza. Ukifika, neno la kwanza kabla ya kunieleza safari, niambie anaitwa nani. Nataka nianze kumwita kwa jina lake mapema, safari hii nisichukue miaka miwili.

Baba yako